Nyumba ya Chini, Upande wa Ziwa

Mlangoni mwa lile jengo jipya la Kamembe, Maman Marguerite alijiita Mukabera, mkulima wa Gikundamvura anayetafuta nyumba ya kununua. Uongo huo alikuwa ameufanyia mazoezi tangu darajani, akiushika mwavuli mwekundu wa Vanessa kama fimbo.

Kijana aliyempokea ndiye hasa ambaye mama huyo alikuja kumchunguza, na hawakuwahi kuonana: Mutabazi, injinia wa jengo, mrefu, shati limenyooshwa. Jumamosi wazee wake wangevuka mpaka kwenda Bukavu kumposa Vanessa. Jibu lingetoka kinywani mwa Maman Marguerite, maana ndiye aliyemlea binti huyo tangu vita vya tisini na sita vilipomchukua mama yake. Kwa desturi, upande wa mvulana ndio unaotuma mtu kwenda kumchunguza msichana kwao. Yeye hakuona sheria inayokataza kinyume chake.

Alihitaji kasoro moja tu, nzito, ya kurudi nayo. Asipoipata, Vanessa angevuka daraja moja kwa moja, na yeye angebaki kule Nguba, mtaani kwake Bukavu, akijipikia peke yake.

"Karibu, Maman Mukabera. Mpunga unaendaje kule kwenu?"

"Mpunga?" Akababaika. "Samaki wamepungua."

Akakumbuka, akiwa ameshachelewa, kwamba Gikundamvura hulimwa mpunga, wala hakuna ziwa.

"Pole sana," alisema Mutabazi, uso mkavu kama wa mtu aliyepewa habari za msiba.

"Nyumba ni bei gani?"

"Tuione kwanza, Maman. Bei haikimbii."

Hakumpeleka kwenye ngazi. Alifungua mlango wa chini kabisa. Magoti ya Maman Marguerite yalishukuru, mwenyewe hakushukuru.

Kijana akaanza kulisifia jengo. Mvua ya paa lote inashuka kwenye tangi chini ya ua, inapita kwenye changarawe na mchanga, ndipo inaingia mabombani.

"Maji ya mvua," alisema Maman Marguerite. "Wakati wa vita tuliyakinga kwa sufuria, batoto wakakunywa. Hakuna muntu aliyetuuzia nyumba kwa sababu hiyo."

"Basi nyinyi ndio mlioanza, Maman. Sisi tumewaiga, tukaongeza mchanga."

Alijaza glasi, akanywa yeye kwanza, kisha akamjazia yake. Maji yalikuwa matamu. Hilo nalo lilimuudhi.

"Na hivi vioo juu ya paa?"

"Vinapasha maji ya kuoga kwa jua."

"Na mwezi wa nne, jua likijificha?"

Hapo alimtega. Mtu mwenye kiu ya kuuza angesema uongo, na mwongo hawezi kupewa Vanessa.

"Mwezi wa nne utaoga baridi," alisema Mutabazi. "Au utachemsha. Sitakuficha."

Maman Marguerite akagonga ukuta kwa ncha ya mwavuli, akitafuta pengo. Tofali zilikuwa nene. Akauliza feni iko wapi. Mutabazi alifungua dirisha la mbele na la nyuma, upepo wa ziwa ukapita katikati na kuinua ukingo wa kitenge chake.

"Feni ndiyo hiyo. Haina bili."

Jikoni alikuwa na hakika ya ushindi, kwa kuwa alisikia gesi ya hapo inatokana na uchafu. Mutabazi akaeleza kwamba maganda ya viazi na ya ndizi hutiwa kwenye shimo nyuma ya jengo, yanaoza, gesi yake inarudi jikoni kwa bomba.

"Kwa hiyo chakula kitanuka jalala."

"Nusa mwenyewe."

Aliwasha jiko, akachemsha chai. Alitia tangawizi nyingi, na sukari hakuigusa, vilevile Maman Marguerite anavyoinywa. Walipomaliza kunywa, kijana aliosha vikombe mwenyewe, akavifuta, akavirudisha kabatini. Maman Marguerite alitazama ile mikono ndani ya maji, akahisi safari yake yote inaanza kuharibika.

"Muna vyumba ngapi?" aliuliza kwa ukali.

"Viwili. Hiki cha pili ndicho kizuri zaidi."

Kilikuwa kidogo, cheupe. Dirisha lilitazama ng'ambo, kwenye vilima vya Bukavu na mabati yake yanayometa. Mtu akikaa pale angeweza kukisia paa lake mwenyewe. Alisimama muda mrefu kuliko mteja anavyosimama.

Kasoro ilikuwa imebaki moja. Akakaza sauti, tayari kuondoka kwa hasira.

"Haya, sema sasa. Bei gani? Najua ni ya kuua."

"Haina bei. Nyumba za hapa ziliisha zote tangu Pasaka."

"Na hii unanionyesha ya nini?"

"Hii niliinunua mimi. Nilichukua ya chini kwa sababu Vanessa aliniambia kuna magoti yasiyopenda ngazi." Akauchukua ule mwavuli mwekundu, akaugeuza taratibu mkononi, akamrudishia. "Nao huu niliununua mimi, soko la hapo juu, nikampa Vanessa. Chumba hiki ni chako, Maman Marguerite."

Maman Marguerite akagonga sakafu kwa mwavuli.

"Kijana, umenichezea tangu mlangoni."

"Ndiyo, Maman," alisema Mutabazi. "Na msamaha siombi."