Kivuli cha Lori

Fundi wa rangi alikuwa anarudi gereji kutoka bombani na ndoo ya maji alipoona gari la kaka yake limesimama juani peke yake. Kwenye kiti cha nyuma, mbwa wao Nati alikuwa amelala upande, ulimi nje, mate mazito yakimning'inia.

Milango ilikuwa imefungwa. Madirisha yameachwa wazi kiasi cha kidole kupita.

Alimpigia kaka yake, fundi wa breki.

"Funguo za gari ziko wapi?"

"Mfukoni. Niko barabarani najaribu breki za lile lori. Kuna nini?"

"Nati anaungua humu ndani."

"Acha utani, dada. Nimeegesha kivulini kabisa."

"Kivuli cha nini?"

Kwenye simu, injini ya lori ilipunguza mwendo.

"Cha lori," kaka alisema, sauti imempungua.

"Basi hicho kivuli unakiendesha wewe."

"Nageuza sasa hivi! Robo saa tu. Usivunje kioo, mlango wenyewe umeupaka rangi juzi!"

Aligonga dirisha. Nati hakuinua kichwa; jicho moja tu lilimfuata.

Aliibana simu begani, akazungushia mkono koti lake la kazi, akashika spana kubwa. Alichagua dirisha la mbele, mbali na mbwa, akapiga pembeni, maana katikati kioo cha gari ni kigumu.

"Nini hicho?" kaka alipiga kelele.

"Hewa," alijibu, akaingiza mkono kufungua mlango.