Soma Mara Tatu

Nadège alikuwa amempa Kakule dawa ya Kakule mwingine, na dawa hiyo ilikuwa njiani kwenda kumezwa na mtoto wa miaka minne.

Alilijua hilo saa nane mchana, mzee mmoja alipofungua bahasha ndogo juu ya meza ya farmasi na kumwonyesha vidonge vitatu vyeupe.

"Binti, hii ni ya malaria. Miye niko mugonjwa ya sukari."

Huku Butembo mtoto wa kiume wa nne ni Kakule, apende asipende. Liite jina hilo sokoni, watageuka watu ishirini. Wawili kati yao walikuwa wamesimama mbele ya Nadège saa moja iliyopita: huyu mzee mwenye kofia na karatasi ya daktari iliyochakaa, na kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Vidonge vya wote wawili vilikuwa vyeupe. Bahasha zote mbili Nadège aliziandika kwa mkono wake: Kakule, na Kakule.

Mama Mariette, mwenye farmasi, alikuwa amekwenda Beni kutafuta kwinini. Kwa miezi mitano alikuwa akimfundisha Nadège kazi, na kila asubuhi alirudia maneno yale yale. Soma jina la dawa mara tatu: ukitoa chupa, ukihesabu, ukirudisha chupa. Kisha uliza mtu jina lake lote, umri na kijiji.

Mara ya kwanza Nadège aliikumbuka. Ya pili aliikumbuka pia, kwa sababu ya wembe aliokatia kidonge nusu. Mtoto alikuwa na kilo kumi na sita, akapata vidonge viwili na nusu. Mara ya tatu je? Aliitafuta kichwani, haikuwamo.

Na kijiji hakukipata. Aliuliza, kijana akaangalia mlango, akajibu, "Kakule tu." Vita ilikuwa na miaka miwili, na watu wengi walikuwa wamebaki na jina moja. Akamwachia.

Dawa ya sukari ikiingia kwa mtoto asiye na sukari, kidonge kimoja tu kinatosha. Atalala, na hutamwamsha.

"Ule kijana, unamujua?" mzee aliuliza.

"Namujua muke yake. Anakuyaka hapa kupimisha mutoto."

"Basi nionyeshe nyumba, nitaenda miye. Weye baki na kazi yako."

Tangu vita ianze, hakuna aliyemwonyesha mtu nyumba ya mwingine. Ukiulizwa, hujui. Nadège alivuta mbao za dirisha, akafunga.

"Hapana, papa. Ngoja hapa. Nitakuletea yako."

"Na nikianguka hapa, utamwambia nini Mariette? Tangu asubuhi sijameza kitu."

Nadège alifunga na mlango. "Tuende, lakini mbio."

Wakashuka hadi mtoni, wakapanda upande wa pili kati ya mikaratusi. Nadège alikimbia, akasimama kumngoja, akakimbia tena. Kijana alikuwa ametangulia kwa saa nzima. Labda alipita sokoni kwanza. Labda mtoto amelala na mama hataki kumwamsha. Labda ameshammezesha. Nadège alijaribu kuona tena mkono wake ukirudisha ile chupa, na kila alipouona, chupa haikuwa na jina.

Kwenye kizuizi cha barabara askari hawakuwaomba karatasi wala sigara. Nadège alimshukuru Mungu, akaongeza mwendo.

Juu kidogo mzee alinunua kipande cha muwa kwa mama wa kando ya njia, akaanza kutafuna.

"Papa, na sukari yako?"

"Ni kiu tu. Weye ni docteur tayari?"

Siku nyingine angemgombeza. Leo alikuwa tayari ameona paa la nyumba.

Aliingia bila kubisha. Virginie alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto wake Jokébed amemlalia mapajani, uso unawaka homa. Zacharie, shemeji yake, alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria.

"Amemeza?"

"Nadège, ni nini? Ata kusalimia?"

"Virginie, mutoto amemeza dawa?"

"Bado. Tunangoja mayi ichemuke."

Nadège alikaa chini pale pale, akanyoosha mkono.

"Nilikosea. Iko ya mutu mwingine. Nipe."

Virginie hakuwa nayo. Alitazama pazia la chumba, akamtazama mzee aliyesimama mlangoni.

"Niko naye huyu papa," Nadège alisema kwa sauti, kuelekea pazia. "Muko na hofu ya nini? Huyu ni mugonjwa, anataka dawa yake."

Pazia likasogea. Kijana akatoka na bahasha mkononi, akampa.

Nadège aliimwaga kwenye kiganja. Akasoma jina la dawa kwenye kidonge, akahesabu, akahesabu tena. Klorokini. Vidonge viwili, na nusu moja yenye ukingo wa wembe. Hakuwa amekosea kitu.

Nyuma yake mzee alitema makapi ya muwa.

"Ni yeye," alisema, na hakuwa anamwambia Nadège. Askari wa kizuizini wakaingia.

Jokébed alimeza kidonge kimoja siku ile, kimoja kesho yake, na nusu siku ya tatu, akapona. Wanaume waliotolewa katika nyumba ile walikuwa wawili, Kakule na mdogo wake Zacharie, na hakurudi hata mmoja.