Hapa Haagi Mtu

Mama alisogeza barakoa ya oksijeni, akasema, "Wanangu, nataka kuwaaga."

"Hapa haagi mtu!" shangazi akadakia. "Kuugua si kufa, wifi. Haya, tusali!"

Tukaomba kwa makelele, wodi nzima ikatugeukia. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameshika mkono wangu mimi kitinda mimba, kidole gumba chake kikipapasa kiganja changu kama kitambaa kabla hajakikata.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "angalau wewe nisikilize."

Nikafumba macho, nikapaza sauti zaidi, Mungu asije akaiona shaka yangu.

Tulipofika amina, kidole kilikuwa kimetulia. Nikafumbua macho. Yake yalikuwa yamenikodolea, mdomo wazi kidogo, kama wa mtu anayesubiri wenzake wanyamaze.