Ukoko wa Mbwa

Enzi zile Mbweha na Mbwa walikuwa bado wanatembeleana, maana ni mabinamu. Kila mara Mbweha alipomkuta Mbwa akitafuna ukoko wa ugali chini ya kichanja cha vyombo, uani kwa watu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Binamu, meno yote hayo ni ya kutafunia ukoko?"

"Ndio ninaopewa," Mbwa alijibu, "na unanishibisha."

Ukaja ukame. Swala wakahama, panya wakaisha, na Mbweha akaja uani mbavu zinahesabika. Safari hii hakucheka. Aliomba ukoko, Mbwa akamwachia wote. Aliula wa sufuria nzima, kisha akaanza kugaagaa kwa maumivu. Tumbo lake halikujua ugali ni kitu gani.

Jioni mwenye nyumba alipata mgeni, akachinja kuku. Mbwa akatupiwa utumbo na miguu, vitu anavyovipata mara moja kwa mwaka. Alivitazama, akameza mate, akavisukuma kwa pua mpaka kwa Mbweha. Yeye akarudi kulamba sufuria.

Mbweha alikula, akapata nguvu, akainamisha kichwa. "Ahsante, binamu. Tumbo lako la ukoko nililolicheka ndilo lililoniokoa."

"Usinishukuru mimi," Mbwa akasema. "Mshukuru bibi wa bibi yangu. Yeye ndiye wa kwanza kutoka porini kuja hapa uani. Alikula ukoko, akagaagaa kama wewe, na kesho yake akaula tena."