Sabuni ya Raya

Mjini kwao kila nyumba ilikuwa na pipa la vijidudu vilivyoumbwa kula taka na kutoa sabuni, na sheria ilikuwa moja tu: kisichotumika ni taka.

Mwanakombo aliijua sheria hiyo, ila hakuweza kuivaa kanga ya marehemu binti yake, Raya. Angeivaa, harufu ya mtoto ingemezwa na jasho lake. Basi aliikunja bila kuifua, akaifungia sandukuni, akawa kila siku anafungua, ananusa, anafunga.

Siku aliyokwenda kumhani jirani, mkaguzi wa mapipa alipita, akalifungua lile sanduku, akaikuta kanga. Jioni mumewe, Makame, alimpokea mlangoni akiwa na kipande cha sabuni nyeupe, kingali na uvuguvugu.

"Nisamehe, mama Raya. Nisingeitoa kanga, wangetukatia maji. Nimekaa pale pipani mpaka ikatoka, isije ikachanganyika na nyingine."

Mwanakombo aliinusa. Haikunukia kitu.

Akaifunga kwenye leso ili akaifiche sandukuni, lakini mkono ukasita. Hata hiyo, isipotumika, ni taka.

Tangu hapo kila asubuhi huilowesha, akaisugua kiganjani mara moja, kidogo tu, ili ionekane inatumika. Makame husimama nyuma yake. Sabuni imekwisha kuwa nyembamba. Akiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, anaviona vidole vyake upande wa pili.