Kasuku Domokaya

Asiyeamini na asiamini, lakini fundi simu mwenyewe alikuwepo.

"Mama, limebaki jaribio moja. Tukikosea namba ya siri, simu inafuta kila kitu."

Bi Nasra alishika kiti kwa nguvu. Sauti ya marehemu mumewe akiimba ilibaki ndani ya simu ile tu, kwingine hakuna.

Juu ya kabati, kasuku wa marehemu akatoa milio minne, kama ya vitufe vya simu.

"Nyamaza, domokaya we!" alifoka Bi Nasra, kisha akaganda. Kila asubuhi mumewe aliifungua simu ile huku akimkuna kichwa kasuku aliyekuwa begani.

"Hebu rudia, baba," alimbembeleza.

Kasuku akarudia. Fundi alitoa simu yake ya aina ileile, ambayo kila tarakimu ina mlio wake, akaitafuta milio ile mmoja mmoja. Kisha akaigeukia ya marehemu, akabonyeza tarakimu zilezile nne.

"Yallah! Imefunguka!"

Wimbo ukajaa chumbani. Kasuku alishuka polepole, akatua kando ya simu, akainamisha kichwa, akangoja kukunwa.