Ubeti Alioukata Nyenje

Nyenje, mpiga zeze aliyependa sifa, alirudi kwao akawaita wenzake wote awape habari. Alikuwa ametoa albamu mpya, na kesho yake angeanza ziara ya kuzunguka nchi nzima.

"Sikilizeni wimbo unaoibeba albamu," akasema. "Nimeutunga mwenyewe."

Alipoanza kuimba, wote wakapokea kiitikio kwa sauti ya chini, kabla yeye hajakifikia.

"Kumbe umeshavuja," Nyenje akacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Njiwa, mpole kuliko wote, akasogea mbele. Masika yaliyopita alifiwa na kinda wake, akamlilia kwa wimbo huohuo matangani, na Nyenje ndiye aliyempigia zeze.

"Umeimba vizuri, baba," akasema Njiwa. "Ila umeruka ubeti wa mwisho, ule wenye jina la mwanangu."

Nyenje akainamisha kichwa.

Ziara aliianza kama alivyotangaza. Kila mji alikofika waliuomba wimbo ule, na kila mji Nyenje aliwaambia kwamba zeze limekatika uzi.